Mwamba Ngoma na Jedwali Lake

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi asubuhi na wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, siku chache kabla hawajachagua mawazo ya miradi yao ya usanifu. Baadhi ya wenzao walikuwa mafunzoni viwandani, wakaomba wayasome. Nimeyaweka yote kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa picha za ukutani, ambazo hata siku ile hazikutufaa sana kwa sababu umeme ulikatika tukiwa kwenye picha ya tatu.

Mkuu wa idara, walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Mbona sauti ndogo hivyo? Au mmekesha mnachora? Haya, tutaelewana.

Nimeambiwa mko makundi sita. Kila kundi lina mawazo matatu au manne, na lipo moja lina saba, Mungu awasaidie. Ijumaa ijayo kila kundi lishike wazo moja, mengine liyaache. Kabla sijasema lolote, nijibuni kwa mikono: nani hapa ameshajua wazo litakaloshinda kwenye kundi lake?

Naona mikono kumi na kitu. Asanteni kwa ukweli. Swali la pili, na hili msinyooshe mkono: hilo litakaloshinda, aliyelichora ni nani?

Mnacheka. Mnajua ninakoelekea.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakumtukana mwamba ngoma. Walisema tu kwamba ukikaa upande mmoja wa ngoma na kamba iko mkononi, utavuta upande wako, hata ukiwa na nia safi namna gani. Leo nataka tumzungumzie huyo mwamba ngoma siku aliyopewa kalamu, jedwali la alama, na usiku mmoja kabla ya kuwasilisha. Namfahamu vizuri. Niliwahi kuwa yeye.

Nilipokuwa mwaka wenu, kundi letu la watu watano lilipewa kazi ya kubuni mashine ya kukatia mihogo. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wilayani Mkuranga waliokuwa wakikausha makopa na kuyauza. Mliokulia pwani mnajua muhogo hausubiri mtu. Ukishang'olewa, siku mbili tatu tu umeanza kuharibika ndani, una michirizi myeusi. Ukivuna mwingi, lazima umenye, ukate na uanike upesi. Akina mama wale walikatia kisu juu ya kiganja, na vidole vyao vilijaa makovu. Kazi yetu ilikuwa hiyo.

Tukapata mawazo matatu. La kwanza, mashine ya kukanyaga: kiti na pedeli za baiskeli, mnyororo unazungusha sahani yenye visu. La pili, sahani ileile, ila unaizungusha kwa mpini wa mkono juu ya meza. La tatu, injini ndogo ya petroli. Injini tuliiondoa mapema kwa sababu ya bei, yakabaki mawili. La pedeli nililichora mimi. Nililichora vizuri, jamani! Nilitia hadi kivuli chini ya miguu ya kiti.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tukapiga mistari ya jedwali. Vigezo vitatu. Bei tukaipa uzito wa 4, wepesi wa kutumia 3, kasi ya kukata 3. Jumla 10. Kisha tukagawa alama, kuanzia 1 hadi 5. Pedeli: bei 2, wepesi 3, kasi 5. Mkono: bei 4, wepesi 4, kasi 2. Hebu tuzidishe pamoja, kila alama kwa uzito wake. Pedeli inapata 8, na 9, na 15: jumla 32. Mkono unapata 16, na 12, na 6: jumla 34.

Mkono umeshinda. Chumba kizima kimya. Wenzangu wananitazama mimi. Nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye busara zake, "Hivi kweli bei ina uzito kuliko kasi? Muhogo si unaoza?"

Hoja ina mashiko, si ndiyo? Ndiyo hatari yake. Tukahamisha pointi moja, moja tu: bei ikashuka hadi 3, kasi ikapanda hadi 4. Alama hatukuzigusa. Pedeli: 6, 9 na 20, jumla 35. Mkono: 12, 12 na 8, jumla 32. Pedeli imeshinda kwa pointi tatu. Hesabu imesema. Tukaenda kulala.

Tulipata maksi nzuri, kwa sababu jedwali lilikuwa safi na michoro ilikuwa safi. Tukaijenga, tukaipakia kwenye pikapu, tukaipeleka. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, akaizunguka mara mbili, kisha akauliza, "Wanangu, hii nikikanyaga nafika wapi?" Tukacheka, tukamweleza. Akasema, "Nimeelewa. Sasa atakayepanda ni nani?"

Tukatazamana. Mbele yetu wamekaa wanawake, wote wamejifunga kanga, na uwanja umejaa wanaume na watoto waliokuja kushuhudia. Binti mmoja alijaribu kukaa upande upande, ikawa haikanyagiki. Yule mama hakutugombeza. Alisema tu, "Basi iacheni hapo, tutaona."

Niliporudi baada ya miezi minne, kiti kilikuwa kimegeuka kulalia kuku. Sahani ya visu haipo. Niliikuta uani kwa mwenyekiti, imefungwa juu ya meza ya mbao, ina mpini wa chuma uliochomelewa na fundi baiskeli wa pale kituoni. Mmoja anazungusha, mwenzake analisha muhogo, wakichoka wanapokezana. Lile wazo la pili. Na fundi yule hakuwahi kuona mchoro wetu, maana tulishautupa. Aliuchora upya kwa chaki sakafuni.

Lakini msikimbilie kuniambia kwamba la mkono ndilo lilikuwa sahihi. Lilichosha mabega. Na msimu wa pili visu vilikuwa vimeliwa na kutu, kwa sababu maji ya muhogo yanakula chuma cha kawaida, na katika watu watano hakuna aliyeandika neno kutu mahali popote. Mawazo yetu yote matatu yalikuwa na ugonjwa huo mmoja. Jedwali letu lisingeuona hata tungekesha nalo mwezi mzima.

Sasa nawauliza: kama jedwali linaweza kugeuzwa kwa pointi moja, na kama haliwezi kuona kutu, jedwali ni la nini?

Mimi nasema jedwali lina faida moja kubwa, nayo ni ugomvi linaouzaa. Ile jumla ya chini kabisa, mnayoipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, ina thamani ndogo kuliko ugomvi uliotokea wakati mnaijaza. Na kama hamkugombana, basi hamkuchagua. Mlipiga muhuri tu.

Kuna mhandisi Mwingereza aliyeitwa Stuart Pugh. Alifundisha usanifu Loughborough, baadaye Strathclyde kule Glasgow, na mwaka 1981 alieleza njia ya kuchagua mawazo ambayo inafundishwa vyuoni mpaka leo. Naona mnatikisa vichwa, mmefundishwa. Lakini nani anakumbuka Pugh aliweka alama gani kwenye visanduku? Hakuweka 1 hadi 5. Aliweka kujumlisha, kutoa, na sawa. Basi. Tena mwanzoni hakutaka vigezo vipewe uzito. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa na mchoro wa penseli tu, huna unachokijua kiasi cha kutofautisha 3 na 4. Utajidanganya kwa tarakimu.

Njia yake inaanza na kitu cha kulinganishia. Kwetu sisi kilikuwa kinatukodolea macho: kisu na kiganja cha mama. Kila wazo lisimame mbele ya kisu, kigezo kwa kigezo, liulizwe: wewe ni bora kuliko kisu, duni kuliko kisu, au mko sawa? Bei: pedeli ni kutoa, mkono ni kutoa. Kasi: zote kujumlisha. Kunoa: kisu ananoa yeyote kwenye jiwe, hizi zinahitaji spana, zote kutoa. Ukiwa umejifunga kanga: kisu hakina shida, mkono sawa, pedeli kutoa. Mnaona? Dakika kumi, na kanga imeshaingia mezani, kwa sababu kisu kinatumiwa na mtu na yule mtu amevaa kitu. Sisi tulilinganisha mashine na mashine, na mashine hazivai kanga.

Halafu, na hapa ndipo wengi mnapofunga daftari mapema, jedwali hilo linasomwa. Kigezo ambacho mawazo yote yamepata alama ileile hakikusaidii kuchagua, lakini kama wote wamepata kutoa, simameni hapo! Hakuna wazo lililogusa tatizo hilo. Kutu yetu ingeonekana hapo, laiti tungeiandika. Kisha chukua wazo lenye nguvu uliulize linavutwa chini na nini, na kama kuna jirani lake anayeweza kuliazima dawa. Likitokea wazo jipya, liingie nalo kwenye jedwali. Kisha ondoa kisu, weka wazo lililo imara zaidi liwe ndilo la kulinganishia, mwanze upya. Mara ya pili, mara ya tatu. Mawazo yanapungua, yanaongezeka, yanapungua tena. Pugh hakuwa anatafuta mshindi wa kura. Alikuwa anapepeta.

Na wale ambao mwalimu wenu anadai lazima muweke uzito, wekeni, sina ugomvi na walimu wangu wamekaa hapa mbele. Ila fanyeni mambo mawili. Kwanza, andikeni uzito kabla hamjachora hata wazo moja, mkabidhi karatasi hiyo kwa mtu wa kundi jingine aikalie. Pili, mkimaliza, litikiseni jedwali: punguza moja hapa, ongeza moja pale. Mshindi akibaki yuleyule, vizuri. Akibadilika, semeni wazi mbele ya watu kwamba mawazo haya mawili bado hayajatofautiana, na mtaje jaribio gani dogo litayatofautisha. Sisi tulihitaji nini? Baiskeli moja kuukuu, stendi yake, na mama mmoja. Nauli tu ya kwenda Mkuranga ingetuokoa miezi mitatu.

Jambo jingine, nalipita haraka. Sharti si kigezo. Sharti halipewi alama. Kama mashine inaweza kukata kidole cha mtoto, usiniambie imepata 1 kwenye usalama lakini imefidia kwa 5 kwenye bei. Kidole hakifidiwi na bei. Wazo lisilotimiza sharti linarudi mlangoni, halikai kwenye jedwali.

Tusonge mbele. Vigezo vyenyewe vinatoka wapi?

Nisikilizeni habari ya pembea. Afrika Kusini kulitokea pampu inayoitwa PlayPump. Ni pembea ya kuzunguka, ile ya watoto kushika vyuma na kukimbia. Inapozunguka inavuta maji kutoka kisimani na kuyapandisha kwenye tanki la lita 2,500 lililo juu ya mnara. Ubavuni mwa tanki kuna mabango ya matangazo, na fedha za matangazo zilipe matengenezo. Watoto wanacheza, maji yanapanda, matangazo yanalipa. Niambieni, kuna wazo tamu kama hilo? Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006, huko Marekani, ikatangazwa ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawekwa la pampu 4,000 ifikapo 2010.

Chukueni kalamu, mlipe alama. Mvuto? Kujumlisha. Furaha ya watoto? Kujumlisha. Picha kwa wafadhili? Kujumlisha mbili. Sasa ongezeni mstari mmoja ambao haukuwapo: saa 11 alfajiri, mama amefika na ndoo, watoto wamelala, nani anazungusha?

Anazungusha mama. Msumbiji na Malawi walionekana wanawake watu wazima wakisukuma pembea ile peke yao, wameinama, kwa kazi ambayo pampu ya kawaida ya mkono ingeifanya kwa urahisi zaidi na kwa bei ndogo zaidi. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja iwatosheleze watu iliyolengewa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Saa 27! Hata mtoto wa jirani yangu, ambaye hakai chini, hafiki hapo.

Waliobuni ile pampu hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wabaya. Jedwali lao lilikuwa na mistari ya kila mtu isipokuwa anayebeba ndoo. Na ninyi mistari yenu mmeipata wapi? Mmeitoa kwenye mradi wa waliowatangulia, nawajua. Gharama, uimara, uzuri, urahisi wa kutengeneza. Maneno hayo ni kama sare ya shule, yanamvaa kila mradi na hayamtambulishi yeyote.

Fanyeni hivi. Nendeni mkakae na mtumiaji siku moja nzima, kuanzia alfajiri. Msiulize anataka nini, maana atawajibu kwa adabu. Andikeni vitenzi. Mama anang'oa, anabeba, anamenya, anaosha, anakata, anaanika, anageuza, anaanua mvua ikinyesha, anafunga, anauza. Kila kitenzi kina kigezo ndani yake. Kuosha: mashine inaoshwaje, na maji ya kuoshea yanatoka umbali gani? Kuanua mvua ikinyesha: mashine inabebwa na watu wangapi? Mtarudi na vigezo ishirini ambavyo hakuna kundi jingine linavyo.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Mko mezani, mawazo mawili yamebaki, kundi limegawanyika nusu kwa nusu, mnasalimiana kwa shida. Lazima mmoja ashinde?

Mama zenu wana jiko la mkaa nyumbani, lenye kiuno, juu udongo wa kuchomwa, nje bati. Mnalijua. Limewapikia uji. Mmewahi kujiuliza kwa nini lina kiuno?

Zamani hapa kwetu na Kenya jiko lilikuwa la bati tupu. Bei yake ndogo, fundi yeyote anakunja bati na kugonga misumari, lakini joto linavuja ubavuni na mkaa unakwisha upesi. Thailand walikuwa na lao: ndoo ya bati iliyovishwa udongo ndani. Linatunza joto, ila ni zito. Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na miaka iliyofuata watu wa Kenya wakayachukua mawazo haya mawili kwa dhati. Mngekuwa ninyi, mngelipa bati alama 34 na udongo alama 32, mkaenda zenu.

Wao walioanisha. Mwanzoni ndoa ilisumbua, maana bati na udongo havitanuki sawasawa vikipata moto, na udongo ukapasuka. Hapo wangeweza kurudi kwenye bati wakasema jedwali lilishasema. Badala yake wakauliza: ni lazima udongo ufike chini? Makaa yanakaa juu. Chini ni majivu na hewa tu. Basi udongo ukabaki nusu ya juu, bati likabanwa katikati liukamate, na chini likatanuka tena. Kiuno hicho. Na kule kutanuka chini kukaleta faida nyingine: jiko likasimama imara. Aliyewahi kusonga ugali wa watu kumi anajua thamani ya jiko lisiloyumba. Mfinyanzi anafinyanga kipande chake, fundi wa jua kali anakunja chake, hakuna aliyenyang'anywa riziki. Sisi Tanzania tukapata ndugu yake, jiko bora, na leo pita popote barabarani mafundi wanayagonga.

Kwa hiyo mkigawanyika nusu kwa nusu, msipige kura kwanza. Kura inamaliza mazungumzo, na pengine wazo lenyewe lilikuwa njiani. Ulizeni: huyu anashinda kwa kipande chake kipi, na yule kwa kipi, na vipande hivyo vinaweza kukaa pamoja? Lakini tahadhari! Kuoanisha si kupatanisha watu. Nimeona mashine yenye pedeli na mpini na sehemu ya kufungia injini, ili asikasirike mtu. Ilikuwa nzito kama kifaru na haikufanya lolote vizuri. Kama kipande hakina kazi ya kufanya, kiondoke na mwenyewe anune.

Jambo la mwisho linahusu kununa huko.

Mei 1961 Rais Kennedy aliwaahidi Wamarekani kwamba kabla muongo haujaisha mtu atatua Mwezini na kurudi salama. Namna ya kufika ilikuwa haijaamuliwa. Mezani palikuwa na mawazo makuu matatu. La kwanza, roketi moja kubwa kupita kiasi, iende moja kwa moja, itue nzima, irudi. La pili, kurusha vipande kadhaa, viunganishwe vikiizunguka Dunia, ndipo safari ianze. La tatu, chombo kikuu kibaki kikiuzunguka Mwezi, na kidogo tu kiteremke na kupanda tena kukikuta.

La tatu kwa mtu wa Kilwa halihitaji maelezo. Jahazi kubwa hulipandishi ufukweni. Linatia nanga nje, mashua ndiyo inayoteremsha watu. Kwa nini ushushe na kupandisha mafuta ya kurudia nyumbani, mzigo usiouhitaji kule chini? Lakini wakubwa wengi waliogopa. Vyombo viwili vitafutane kilomita laki tatu na zaidi kutoka nyumbani, vikikosana nani atawaokoa?

Mtu mmoja, John Houbolt, mhandisi wa kituo cha Langley cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alilishikilia wazo hilo hadi wenzake wakamchoka. Novemba 1961 akawaruka mabosi wake, akamwandikia barua mmoja wa wakubwa wa juu kabisa wa NASA, Robert Seamans. Akaanza kwa kujifananisha na sauti iliayo nyikani. Barua kama hiyo inaweza kukufukuzisha kazi. Seamans aliisoma, akaagiza wazo lipimwe upya kwa haki.

Mimi simsifu sana Houbolt. Alikuwa mbishi na alikuwa na hesabu mkononi, watu wa namna hiyo wapo. Ninayemtaka mumtazame ni Wernher von Braun, mkubwa wa roketi katika kituo cha NASA kule Huntsville. Kituo chake kilikuwa upande wa wazo la pili. Tarehe 7 Juni 1962 watu wake walishinda siku nzima wakilitetea mbele ya wageni kutoka makao makuu. Jioni von Braun akasimama, akawashukuru, akasema yeye anapendekeza la tatu. Hebu wazieni nyuso za vijana wake! Julai 11 NASA ikatangaza, na Julai 20, 1969, mashua ikateremka kutoka kwenye jahazi.

Nani katika kundi lenu anaweza kusimama jioni kama ile? Aliyechora vizuri kuliko wote? Anayejibiwa na mwalimu kwa jina? Mwenye laptopu? Mimi usiku ule sikuweza. Nilikohoa.

Kwa kuwa hatuwezi kutegemea kila mmoja awe na moyo ule, tuweke utaratibu. Siku ya kuchagua, hakuna anayetetea wazo alilolichora. Mnabadilishana. Wewe unalibeba la mwenzako kama lako, na lako unalitafutia kasoro tatu kabla mtu mwingine hajaongea. Mkishindwa kupata kasoro tatu, hamjalielewa bado. Anayeandika alama asiwe mwenye wazo lolote kati ya yaliyobaki. Na michoro iliyoshindwa msiitupe kama tulivyotupa sisi. Bandikeni kwenye daftari la mradi, chini yake muandike sentensi moja ya sababu: limeachwa kwa sababu hii. Siku mashine yenu ikigeuka kulalia kuku, mtajua mtafute ukurasa upi, msimsumbue fundi baiskeli.

Nimeongea sana na umeme haujarudi. Mkuu wa idara amenipa saa nzima iliyobaki, kwa hiyo tuitumie. Kundi la mashine ya kukaushia dagaa, si mmeniambia mna mawazo manne? Njooni hapa mbele na karatasi zenu. Wekeni mezani, pangeni mstari. Kitu cha kulinganishia ni nini? Mchanga wa ufukweni, vizuri, leteni mchanga.

Na wewe uliyelichora hili la pili, lenye rangi, kaa pale nyuma kwanza.